Keti chini ya mti, kisha uhesabu mizani

Msomaji mpenzi, kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu nijibu swali moja. Mti ulio karibu zaidi na mlango wako unaitwaje? Usiniambie ni mti tu. Majani yake yana umbo gani? Huchanua mwezi upi? Ni ndege gani hulala humo? Ikiwa wewe ni mkazi wa jiji kama mimi, si ajabu ukabaki kujikuna kichwa. Nambari za matatu zinazopita mtaani mwako unazijua zote. Nauli ya asubuhi, ya jioni na ile ya mvua ikinyesha, unazijua kama jina lako. Lakini mti unaoupita mara mbili kila siku, miaka nenda miaka rudi, ungekatwa usiku huenda wiki nzima ingepita kabla hujagundua.

Sikulaumu. Maisha ya jijini hayamwachi mtu akasimama. Aliye ndani ya matatu macho yake yako kwenye simu, na hata simu ikizima chaji bado anawaza kodi ya nyumba, karo, na yule mdai wa kikundi cha akina mama. Mwili uko hapa, roho imekwisha kufika mwisho wa mwezi. Tunakula chakula tusichokionja na tunaongea na watoto tusiowatazama.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tulikiacha darasani siku tuliyomaliza karatasi ya mwisho ya Kiswahili. Nakusudia shairi, hasa lile linalohusu mvua, mti, upepo, bahari au ndege. Wengine huyaita mashairi ya maumbile. Hoja yangu ni moja tu. Shairi la namna hii, likitungwa na kusomwa inavyostahili, humlazimisha mtu kuwa mahali alipo. Akishakuwa hapo, mambo aliyokuwa akiyakimbia nayo hupata nafasi ya kumfikia.

Nimesema "inavyostahili" kwa sababu mengi tunayoyaita mashairi ya mazingira hayafanyi kazi hiyo hata kidogo. Kila mwaka watoto wetu hupanda jukwaani katika tamasha za shule wakakariri beti za kuhimiza watu wasikate miti, wasitupe taka, wahifadhi mito. Ujumbe ni mzuri, nani atakataa? Lakini tega sikio vizuri. Beti kumi nzima zitapita bila kutajwa jina la mti hata mmoja. Ni miti, mito na wanyama, basi. Mtunzi hakutoka nje ya nyumba. Aliketi mezani, akaandika hotuba, akaikatakata ipate vina. Hiyo ni risala ya chifu barazani, ila imevishwa kanzu.

Wazazi wetu walipitia balaa la aina nyingine. Waliosoma zama za ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru wanalikumbuka shairi la Mwingereza William Wordsworth kuhusu maua ya manjano yaitwayo daffodils. Walilikariri toka mwanzo hadi mwisho ilhali ua lenyewe hawakuwahi kulitia machoni, wala hawakutarajia kulitia. Mtoto alitoka nyumbani akapita katikati ya mikakaya iliyochanua njiani, akaingia darasani kusifu ua la Uingereza. Si ajabu basi kwamba mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi iondolewe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati, wengi waliona wamesema kweli.

Hata hivyo, kisa kilicho nyuma ya shairi lile kina faida kwetu. Tarehe 15 Aprili 1802, William alikuwa matembezini na dada yake, Dorothy, kando ya ziwa Ullswater kaskazini mwa Uingereza. Upepo ulikuwa mkali. Wakayaona maua hayo yamejaa ufuoni. Aliyeandika habari hiyo kwanza hakuwa mshairi, alikuwa dada mtu, katika shajara yake. Aliandika kwa makini mno, hata akaeleza jinsi maua mengine yalivyolalia mawe kana kwamba yamechoka. William alitunga shairi lake mwaka wa 1804, miaka miwili baadaye, na likachapishwa 1807. Humo shairini ametembea peke yake. Dada hayupo! Mimi, kama dada ya watu, jambo hilo huniudhi kidogo.

Lakini tazama yaliyotendeka. Kwanza palikuwa na kuona, kuona kwa jicho lililotulia siku ile ile, upepo ukivuma. Kisha, baada ya miaka miwili, mtu amejilaza kwenye kiti chake akili imechoka, maua yakamrudia akayatafakari. La pili halipatikani bila la kwanza. Asiyeona kitu leo hatakuwa na cha kukumbuka kesho.

Tena hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta jicho la namna hiyo. Pwani yetu ilikuwa nalo zamani. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka wa 1927 na kufariki 2017, ndiye anayesifiwa kwa kutuundia neno "runinga". Mwaka wa 1985 alichapisha Umbuji wa Mnazi, kitabu kizima cha ushairi juu ya mti mmoja. Wewe wa bara huenda ukashangaa mnazi una nini cha kujaza kitabu. Lakini muulize mtu wa Pwani akuletee tunda la mnazi, naye atakuuliza: lipi? Kuna upunga, kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, kisha ndipo nazi. Kila jina ni kipimo cha wakati. Mwenye majina hayo kinywani hawezi kuutupia mnazi jicho moja akapita. Macho yake hupanda mti hatua kwa hatua, yakahesabu kilicho tayari na kinachosubiri. Ndivyo ilivyo pia kwa mabaharia na pepo zao. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha. Kwa watu hao, mshairi aliyetaja upepo alikuwa akitaja safari, deni na mume aliyeko ng'ambo.

Wala usidhani haya ni mambo ya watu walioshiba, wenye saa za kupoteza. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoandika akiuliza Kenya inaelekea wapi. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za msalani. Alitoka 1972, na mwaka uliofuata yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo ni majibizano ya watu wawili wanaogombania mnazi. Wasomaji wengi huuona mnazi huo kuwa ni nchi yenyewe. Sawa, lakini mimi hufikiria jambo jingine. Seli haina mnazi. Mtu yule aliingia humo na mti kichwani, mti aliokwisha kuutazama vya kutosha tangu utotoni, hata akaweza kuupanda na kuushuka bila kutoka kitandani.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, maana ndipo penye siri. Shairi letu la kawaida, lile la tarbia, lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani minane, jumla 16. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba mizani ni pingu. Tangu Euphrase Kezilahabi wa Tanzania achapishe Kichomi mwaka wa 1974, wapo pia watunzi mahiri wanaoandika bila vina wala mizani. Sina ugomvi nao. Ila kwa anayetaka kufunza jicho lake, nampendekezea pingu zenyewe. Ukiwa na nafasi ya silabi nane tu, neno la kwanza linalokujia mara nyingi halienei. Unatafuta la pili, nalo lina maana tofauti kidogo. Ili ujue lipi ni la kweli, huna budi kurudi ukatazame tena.

Nililiona hili nyumbani kwangu mwaka jana. Kaka yangu alifariki mwezi wa Januari akiwa na miaka 41. Mwanawe wa kwanza, mvulana wa Gredi ya 7, alikuja kukaa nami baada ya likizo ya Aprili. Hakuwa msumbufu. Afadhali angekuwa! Alikuwa na jibu moja kwa kila jambo: "Sawa, shangazi." Chakula kipo mezani, sawa shangazi. Umelala vizuri? Sawa shangazi. Siku ya kuzaliwa ya baba yake ilipofika, nilimuuliza kama angependa kuzungumza. Sawa, shangazi, akainuka akaenda kuosha vyombo. Miezi sita ikapita hivyo. Machozi sikuyaona, wala baba yake hakumtaja hata kwa bahati mbaya.

Oktoba akaja na kazi ya shule: tunga ubeti mmoja kuhusu mazingira. Kufumba na kufumbua alikuwa amemaliza. Nilipousoma niliikuta ile risala ya chifu, tupande miti na kadhalika, mizani imetimia barabara. Nikamwambia, mwanangu, huu umetungwa na watu elfu moja kabla yako. Chukua ile ndoo tupu ya rangi, nenda ukaikalie pale langoni chini ya mjakaranda, usirudi mpaka uone kitu ambacho hukukijua ulipotoka. Simu iache hapa.

"Sawa, shangazi."

Unaujua mjakaranda, msomaji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini Nairobi umekuwa mwenyeji kuliko wengi wetu. Kila mwaka, kuelekea mvua za vuli, barabara nyingi za jiji hugeuka rangi. Wetu una matawi yaliyotoka nje ya ukuta, na maua yake huanguka nusu ndani ya ploti, nusu barabarani. Kijana alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa ameshika ua moja kiganjani, lile umbo lake la tarumbeta ndogo, na ndani kooni jeupe.

"Shangazi," akasema, "nilidhani yananyauka kwanza ndipo yaanguke. Kumbe yanaanguka yakiwa mazima."

Sikumjibu. Tuliketi mezani tukaanza kutafuta neno. Alikuwa ameandika "yanaanguka", lakini halikumridhisha. Tukajaribu "yadondoka". Akasema la, kudondoka ni moja moja, na yale yanashuka mengi kwa pamoja upepo ukipita. Nikamtajia "yapukutika". Akaniuliza linatumika wapi. Nikamwambia hutumika kwa majani, na wakati mwingine kwa watu, maradhi yakiingia mahali. Akanyamaza kidogo, kisha akaliandika. Hesabu nawe kwa vidole: ma-u-a-ya-pu-ku-ti-ka. Minane. Saa mbili za usiku zikatukuta tuna mishororo mitatu:

Maua yapukutika, chini pawa zambarau,
Wapitao kwa haraka, kutazama wasahau,
Mfagizi akifika, ayazoa kwa dharau,

Mshororo wa tatu tulibishana. Mfagizi wetu ni mzee mpole, tena hufagia polepole akiimba nyimbo za kanisa. Dharau ya nini? Nikamwambia kijana atafute neno jingine, asimsingizie mzee wa watu kwa ajili ya kina. Akakataa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunikatalia jambo tangu aje kwangu.

"Hata wao walifagia," akasema.

"Akina nani?"

"Siku iliyofuata. Baada ya kumzika baba. Niliamka nikakuta wameshafagia ua, viti wamerudisha, hema wameshusha. Kila kitu safi. Kama kwamba hakuna kilichotokea."

Nilikuwako asubuhi ile, msomaji. Nilikuwa miongoni mwa wanawake walioshika fagio. Ndivyo tulivyolelewa: matanga yakiisha, kwako pasafishwe, wageni wasikute uchafu. Haikunipitikia kwamba kulikuwa na mtoto mlangoni anatutazama. Lugha yetu nayo ina vituko vyake, maana hilo ua la nyumbani na ua la mti ni neno moja, na hakuna kati yetu aliyelazimisha likae hivyo.

Usiku huo alizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili. Alinieleza habari za baba yake ambazo hata mimi, niliyezaliwa naye tumbo moja, sikuwa nazijua. Alilia pia. Mshororo wa tatu ulibaki kama alivyoutaka.

Sisemi shairi ni dawa. Kuna huzuni inayohitaji mshauri aliyesomea kazi hiyo, na mzazi asione haya kumtafuta. Wala si kila mtoto utakayemkalisha chini ya mti atarudi na la kusema. Wa kwangu mimi mwenyewe, mwenye miaka tisa, alirudi na malalamiko kwamba siafu wamemuuma. Wataalamu wameonyesha kwamba kutazama miti peke yake kuna faida. Mwaka wa 1984 mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao vyumba vyao vilikuwa na dirisha lililoangalia miti, na nusu lililoangalia ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hao hawakuhesabu mizani yoyote. Lakini mgonjwa hana pa kwenda, atatazama apende asipende. Sisi wazima tunaopita mbio ndio tunaohitaji kitu cha kutushika shati, na shairi linaweza kuwa hicho kitu.

Kama una watoto nyumbani Jumapili ya leo, anzia na kilicho karibu. Si lazima uende Karura. Shule nyingi jijini zina mwewe wanaozunguka juu ya uwanja saa ya chakula cha mchana, na hakuna mtoto asiyejua mwenzake aliyenyang'anywa soseji. Muulize: mwewe hukujia kwa mbele au kwa nyuma? Hunyakua kwa mdomo au kwa kucha? Mkia wake una umbo gani akikata kona? Wale makongoti wakubwa wenye vichwa vya upara, waliojaa mitini kule Nyayo Stadium, wanastahili ubeti wao pia, ingawa harufu yao haina mshairi atakayeitetea. Nanyi wanafunzi wa vyuo mnaoishi vyumba vya orofa, ambako mti hauonekani, mnayo mvua. Sikilizeni inavyopiga bati la jirani kabla haijafika kwenu. Tafuteni neno la sauti hiyo, si lile lililozoeleka. Msitafute funzo. Mkiona kalamu yaanza kuhimiza watu, isimamisheni.

Na mkisoma shairi la mtu mwingine, lisomeni kwa sauti. Shairi letu lilikuwa la kuimbwa kabla halijawa la mtihani. Mahali pa kituo, tueni. Ukilisoma kimya kimya kama tangazo la zabuni, utafika mwisho upesi na hutakuwa umekwenda popote.

Kama kuna mwalimu anayesoma haya, najua atakuwa amehesabu akakuta upungufu. Mishororo mitatu si tarbia. Mwalimu wa kijana wetu naye aliona, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba ubeti haujakamilika, akamkata alama, na alikuwa na haki. Wa nne tumeutafuta mwaka mzima. Kina cha kati ni "ka", cha mwisho ni "au". Mimi nimempa mapendekezo yasiyopungua kumi na yote ameyakataa, mengine kwa kuyacheka waziwazi. Mjakaranda umeanza kuchanua tena wiki hii. Jana jioni nikitoka dukani nilimkuta langoni juu ya ile ndoo ya rangi, midomo yacheza, vidole vyahesabu, nikampita bila kumsemesha.